Tanbihi ya Kumi na Saba

Insha arobaini na moja zilinifikia kwa posta
mjini Niigata, mwezi wa pili, barabara hazionekani.
Shindano la wanafunzi wa sheria. Mada:
njia za kumaliza ugomvi bila kwenda mahakamani.
Tuzo ya kwanza yeni laki mbili, ya pili laki moja,
ya tatu cheti, na kalamu ndani ya kijisanduku.

Mimi ni mpatanishi wa miaka ishirini na sita.
Nimewasikiliza watalaka wakigawana sahani,
ndugu wakinyang'anyana jivu la mama yao,
nikadhani hakuna tena ukurasa wa kuninyima usingizi.
Insha ya tano ilinukuu mikataba ya nchi kumi na mbili.
Ya ishirini ilikuwa na jedwali zuri kama kitambaa cha meza.
Niliipa alama, nikaisahau kabla chai haijapoa.

Ya thelathini na tatu ilianza na paa.

"Paa la Bwana Kuwabara," aliandika Shiori Hoshina,
mwaka wa tatu, kwao Tokamachi,
"limeinamia uwanja wa Bibi Maruyama.
Kila Januari theluji ya Kuwabara huporomoka
ikawa theluji ya Maruyama."
Nilicheka peke yangu.
Wataalamu wa umiliki wangehitaji sura nzima.

Miaka tisa hawakusalimiana.
Wengine maji huwafika shingoni;
hawa ilikuwa theluji, juu ya kitalu cha vitunguu.
Kwenye chumba cha usuluhishi waliingia kwa zamu,
mmoja akisema, mwenzake akihesabu vigae vya ukumbini.
Vikao sita. Hati ya ukurasa mmoja:
Kuwabara aondoe theluji kabla ya saa nne asubuhi,
Maruyama ampe njia hadi kwenye mfereji.

Na chini kabisa, kwa herufi za kutafutiwa miwani,
tanbihi ya kumi na saba:
*Halimo katika hati, lakini jioni ile
Bibi Maruyama alipeleka achari ya figili, bakuli moja.
Bwana Kuwabara hakulirudisha bakuli tupu.
Mwandishi hakuuliza lilirudi na nini.*

Mkono mtupu haulambwi, hilo nalijua.
Lakini huyu binti alijua pa kukomea kuuliza,
na hilo sikujifunza mpaka nilipoota mvi.

Profesa Ubukata aliitaka ya ishirini.
"Hii ya theluji haina nadharia."
Wakili Segawa akajibu: nadharia imo, imefukiwa,
wenye mikono laini hawawezi kuichimbua.
Kufikia siku ya tatu waliitana "mheshimiwa"
kwa sauti ya kufunga mlango.
Waamuzi wa tuzo ya maelewano, hatukuelewana.
Nikafanya ninalolijua: huyu chumba hiki, yule kile,
mimi katikati na birika.
Hoshina akapata tuzo ya pili.
Heri nusu shari.

Machi alikuja na suti nyeusi,
viatu vya theluji ndani ya mfuko wa plastiki.
Tulimwomba aseme neno.

"Naomba kuisahihisha insha yangu," akasema.
"Januari hii paa limeporomoka tena, saa tisa usiku.
Bwana Kuwabara ana miaka themanini na mbili,
mgongo umemkataa.
Theluji haisomi mkataba."

Ubukata akaiweka kalamu chini.
Segawa akauliza: "Kwa hiyo wamerudi kwenye usuluhishi?"

"Hapana. Bibi Maruyama alinipigia simu.
Alitaka kujua kama sepetu ya alumini
ni nzito kwa mtu wa miaka sabini na minne."

Akainama, akapokea bahasha, akaondoka kuwahi treni.

Usiku nilitoa nakala yangu mkobani,
nikaipa alama upya, kwa penseli, pembeni,
mahali ambapo hazihesabiwi.